Mtihani wa mwisho ni Februari, na baba hajui kitu

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Machame, kifungua mimba katika watoto watano. Huu ni mwaka wangu wa pili Tübingen, kusini mwa Ujerumani, ninakosoma shahada ya uzamili ya mambo ya maji ya ardhini. Nakuandikia saa nane usiku na mikono bado inanuka sabuni ya masufuria.

Nilipopata barua ya kukubaliwa, baba aliuza shamba la tambarare, lile la mahindi, na ng'ombe wawili, akaongezea mkopo wa SACCOS, ili ipatikane ile Sperrkonto: euro 11,904 ambazo ubalozi unataka zionekane zimekaa benki kabla hujapewa viza. Ukishafika unatolewa 992 kwa mwezi, chumba na chakula vinazimaliza. Juu yake kuna ada. Nyumbani tulizoea kusikia Ujerumani chuo ni bure, kumbe jimbo hili la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula. Mwaka wa pili nao umetaka fedha zake, na mzee amezitafuta. Kihamba, ile ardhi ya ukoo, hakijaguswa, namshukuru Mungu. Babu amelala pale.

Sasa Mama, kuna somo moja la lazima, hesabu za mwendo wa maji chini ya ardhi. Julai nilifeli. Oktoba nikarudia, nikafeli tena. Kwa kanuni za kozi yetu unapewa nafasi tatu tu, na ya tatu ni Februari. Nikianguka hiyo, kozi imekwisha. Siwezi hata kuhamia chuo kingine cha Ujerumani nikaianza kozi hiyo hiyo. Wenzangu wanalitaja jambo hili kwa sauti ya chini, kama watu wanaotaja ugonjwa wa jirani.

Baba hajui. Siku niliyofika nilimtumia picha ya zile nyumba za rangi rangi zilizojipanga juu ya mto Neckar. Ameikuza, ameitia fremu, ameitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yao. Mgeni akiingia anaonyeshwa: "Hapo ndipo alipo Daktari." Mimi hata uzamivu sijaanza! Halafu Moshi na Tübingen ni miji rafiki tangu 2014. Siku moja jambo hilo likatajwa kanisani, mzee akasimama akapunga mkono kana kwamba mimi ndiye niliyetia saini.

Alhamisi mpaka Jumapili nafanya kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa wa mji mkongwe, saa kumi na mbili jioni hadi saa saba usiku. Nikirudi napita chini ya mnara wa njano ulioko kando ya mto. Wanasema mshairi mmoja aliishi humo miaka 36 akili ikiwa imemtoka. Mto umenyamaza, ukungu umeshuka, niko peke yangu, najiuliza alianzaje yule mtu.

Na huko mjini kila ukuta una bamba: hapa aliishi fulani, hapa alisoma fulani. Naona kama natembea kwenye makaburi ya watu waliofaulu.

Profesa wangu si mtu mbaya. Hajanikaripia, hajanisifu, hajaniuliza kitu. Sijamwendea tangu nifeli. Nitaanzaje kumwambia mwalimu kwamba somo lake limenishinda, wakati karatasi kasahihisha yeye?

Nina binamu Stuttgart. Yeye anasema niache, niende kwake, kazi za ghalani zipo, nyumbani niseme nimemaliza, kwani nani kijijini ataomba kuona cheti? Mama mdogo, ambaye nilimdokezea kidogo, anasema nikae kimya hadi Februari: nikifaulu, mzee atakuwa ameepushwa na maumivu ya bure. Baba ana presha.

Nimwambie au nisubiri? Na chuo niache au nisiache?

Mwana wa Machame

*

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na baba, kwa kuwa nahisi ndiye anayekunyima usingizi zaidi ya hayo maji ya ardhini.

Mwambie. Mwambie mwezi huu, kabla ya Krismasi. Wewe ni Mchagga, huhitaji nikueleze Desemba ni nini huko kwenu. Magari yatapanda mlimani kutoka Dar na Arusha, mbuzi atachinjwa, ukoo utakaa kwenye viti vya plastiki chini ya migomba, na baba yako atasimama na glasi mkononi kulitaja jina lako. Utamwacha aseme mbele ya kaka zake jambo ambalo wewe unajua si kweli? Kila sherehe inayopita anajenga ghorofa moja zaidi juu ya msingi ambao wewe peke yako unajua una ufa. Mpaka Februari litakuwa refu sana.

Na kuna hesabu usiyoigusa kwenye barua yako. Mwaka wa kwanza ulimkuta mzee ana shamba la tambarare. Wa pili umemkuta hana, lakini "amezitafuta". Hukusema wapi. Mtu anayetafuta fedha kwa ajili yako ana haki ya kujua hali ilivyo kabla hajaanza kutazama upande wa kihamba. Siogopi wewe kufeli. Naogopa mzee aweke rehani ardhi yenye kaburi la babu kwa ajili ya muhula ambao huenda usiwepo.

Presha naijua, mimi mwenyewe nameza vidonge mwaka wa kumi na moja huu. Habari mbaya niliyoambiwa na mwanangu kwa mdomo wake niliimeza pamoja na dawa zangu nikalala. Ile niliyoikuta sokoni, watu wote wakiijua isipokuwa mimi, ndiyo iliyonilaza wodini siku tatu. Mama yako mdogo anakupenda, lakini siri ameshaijua yeye. Wakishajua watu wawili, si siri tena, ni suala la nani atatangulia kusema.

Usimwandikie ujumbe. Piga simu, sauti, jioni akiwa ameshakula. Mtangulize baba mkubwa au mjomba wako, yule ambaye mzee humsikiliza, awepo nyumbani kwa kisingizio chochote. Si kwa ajili ya kusema kwa niaba yako. Ni wa kukaa naye ukishakata simu. Na usianze kwa kulia na kuomba msamaha, maana atadhani umeua mtu. Anza na jambo lenyewe: "Baba, kuna somo moja kati ya masomo yangu nimelifeli mara mbili. Nimebakiza mara moja, Februari. Mengine nimefaulu. Hivi ndivyo nitakavyofanya." Kisha nyamaza. Atakasirika, huenda akakata simu. Atapiga tena.

Ili uweze kusema "hivi ndivyo nitakavyofanya", inabidi uwe na cha kufanya. Nakuja huko. Lakini kwanza niruhusu nikukatalie lile neno lako kuhusu makaburi ya waliofaulu, maana limeniuma. Niliishi Tübingen miaka minne, enzi ambazo kupiga simu nyumbani ulinunua kadi ya kukwaruza ikaisha kabla hujamaliza salamu. Mabamba hayo nimeyasoma yote, kwa sababu sikuwa na fedha za burudani nyingine. Chuo kimeanza 1477, kwa hiyo ukuta hauna uhaba wa majina. Tatizo la bamba ni kwamba lina nafasi ya mistari mitatu. Haliandiki mtu alitumwa kufanya nini.

Chukua Stift, lile jengo kubwa la Kanisa la Kilutheri lililo hatua chache kutoka kwenye mnara wako. Limesomesha vijana kwa ufadhili tangu 1536, na masharti yalikuwa wazi: tunakulisha, tunakusomesha, utatoka mchungaji. Mwaka 1589 akaingia humo Johannes Kepler, mtoto wa familia isiyo na uwezo mkubwa. Alitaka uchungaji kweli kweli. Mwaka 1594, masomo ya teolojia hayajaisha, nafasi ya mwalimu wa hesabu ikatokea Graz, Austria, wakubwa wakamteua yeye. Hakuifurahia. Akaenda hivyo hivyo, na mtu aliyetumwa kusomea mimbari ndiye aliyekuja kutupa kanuni za mwendo wa sayari. Karne mbili baadaye, kwenye chumba kimoja cha jengo hilo hilo, walilala vijana watatu: Hegel na Schelling, waliokuja kuwa wanafalsafa, na Hölderlin. Watatu wote walitumwa kuwa wachungaji. Wachungaji waliotoka hapo ni sifuri. (Hegel ndiye baadaye aliyefundisha kwamba Afrika haina historia. Kwa hiyo usimsujudie kila mwenye bamba.)

Huyo Hölderlin ndiye mshairi wa mnara wako. Umeuliza alianzaje. Mimi si daktari, na ugonjwa wa akili hauji kwa sababu moja, lakini naweza kukueleza kuhusu mama yake. Baba alimfia mdogo sana, kisha baba wa kambo naye akafa. Mama akabaki na wazo moja: huyu atakuwa mchungaji, atapata parokia, ataoa. Urithi wa baba yake ukawa mikononi mwa mama. Kijana hakutaka uchungaji, wala hakuweza kumwambia mama waziwazi wakayamaliza. Akawa mtu wa kuhama hama, mwalimu wa watoto wa matajiri, nyumba hii mwaka huu, ile mwaka ujao, huku akimwandikia barua nzuri za heshima. Mwaka 1807, baada ya kliniki kushindwa kumponya, seremala mmoja aitwaye Ernst Zimmer, aliyekuwa amesoma riwaya yake akaipenda, akamchukua nyumbani kwake kwenye mnara huo. Alikaa humo mpaka alipokufa 1843. Na barua kwa mama ziliendelea: fupi, zenye adabu, hazisemi kitu.

Nimeirudia barua yako nikatafuta mahali ulipoandika maneno ambayo huwa unamwambia baba kwenye simu. Hukuyaandika. Nadhani nayajua. "Tunaendelea vizuri, Mungu ni mwema, baridi imeanza."

Na mwingine, ambaye huenda hujamsikia ingawa kila neno unaloniandikia lina mkono wake kwa mbali. Panda basi uende Derendingen. Zamani kilikuwa kijiji cha pembeni, leo ni sehemu ya Tübingen. Hapo alizaliwa Johann Ludwig Krapf mwaka 1810, akasoma teolojia hapo chuoni kwako. Shabaha yake haikuwa Mombasa. Alitaka kuwafikia Waoromo, akaenda Ethiopia, akafukuzwa, akajaribu upande mwingine, mlango ukafungwa tena. Mombasa aliifikia 1844 akitafuta njia ya nyuma ya kuwafikia hao hao Waoromo. Miezi michache tu, mke wake Rosine na mtoto wao mchanga wakafa, akawazika bara, ng'ambo ya kisiwa. Alikaa, akajifunza Kiswahili kwa wenyeji, kadhi wa Mombasa akiwa miongoni mwa waliomsaidia. Mwaka 1850 ikachapishwa sarufi ya kwanza ya Kiswahili kupigwa chapa. Unajua ilichapishwa wapi? Tübingen. Kiwanda cha uchapaji cha Fues, mjini hapo unapoosha masufuria. Lugha yetu iliingia kwenye sarufi ya kizungu kupitia mpango wa tatu wa mtu ambaye mipango miwili ya kwanza ilimkwama.

Sikuambii haya ili ufeli kwa raha. Yote haya hayatakusaidia kwenye hesabu za mwendo wa maji. Twende kwenye mtihani.

Jambo ambalo nina hakika hujalifanya ni kuomba kuiona karatasi yako. Wanaiita Einsicht. Mtihani ukishasahihishwa, unayo haki ya kukaa nayo, kuangalia kila alama iliyokatwa na kuuliza kwa nini. Mjerumani aliyefeli huenda kwenye Einsicht kama anavyokwenda kuchukua gari gereji: mnasema tatizo liko wapi? Sisi tumelelewa kwamba mwalimu akishaandika kwa wino mwekundu, kuuliza ni kumvunjia heshima. Umefanya mtihani huo huo mara mbili bila kujua ya kwanza ilikuangusha wapi. Huenda ni sura moja tu ya kitabu. Huenda ni Kijerumani au Kiingereza cha swali. Huenda ni muda. Kila moja ina dawa yake, na hizo dawa hazibadilishani. Uliza ofisi ya mitihani siku za mwisho za kuomba, maana hazikai wazi milele.

Ukitoka hapo nenda kwa profesa, saa zake za kupokea wanafunzi, na karatasi mkononi. Umesema hajakukaripia wala hajakusifu. Mwanangu, uko Uswabi, ndilo jina la eneo hilo! Waswabi wenyewe wana msemo kwamba kutokaripiwa ni sifa tosha. Na ukimya wa profesa wa mji huo una ukoo mrefu. Juu kwenye kasri la Hohentübingen, katika lililokuwa jiko la kasri, palikuwa na maabara ya Felix Hoppe-Seyler. Mwaka 1869 kijana wa Kiswisi, Friedrich Miescher, mdogo kuliko wewe, alikuwa humo akiosha usaha kutoka kwenye bendeji zilizotumika hospitalini ili apate chembe zake. Alisomea udaktari, lakini masikio yake yalikuwa mazito, ndiyo maana akaelekea maabara badala ya wagonjwa. Kwenye usaha huo akakuta kitu ambacho hakijawahi kuelezwa na mtu, akakiita nuklini. Ndiyo DNA. Bosi wake alifanya nini? Alikaa kimya, akarudia majaribio yote kwa mkono wake mwenyewe, na makala ikatoka 1871. Miaka miwili. Sidhani Miescher aliwahi kupigwa bega.

Nami nina kisa changu kidogo na uwazi wao. Nilipohamia, jirani wa chini, bibi mmoja wa makamo, alininingʼinizia kibao cha mbao mlangoni, kimechongwa vizuri. Nikadhani ni zawadi ya kunikaribisha. Nikakiingiza ndani nikakitundika ukutani karibu na kalenda. Kumbe ni kibao cha Kehrwoche, zamu ya wiki ya kufagia na kupiga deki ngazi za jengo, ambacho ukimaliza unamhamishia jirani anayefuata! Wiki tatu jengo zima halikufagiliwa, kila mtu akimsubiri mwenye kibao. Mwishoni bibi akagonga, akaingia, akakiona ukutani, akanieleza wajibu wangu kwa dakika tano bila tabasamu hata moja. Nililia usiku ule. Jumamosi yake akaniletea keki ya plamu. Kwake yeye jambo lilikuwa limeshasemwa, limekwisha. Profesa wako ukimwendea, tegemea zile dakika tano. Mwulize hivi: "Nini ambacho mtu anayefaulu somo hili anakijua na mimi sikijui?" Atakujibu, tena kwa urefu kuliko unavyodhani.

Sasa kazi yako. Nimechukua kalamu nikahesabu. Sheria tangu Machi 2024 inamruhusu mwanafunzi kama wewe siku 140 kamili za kazi kwa mwaka, au nusu siku 280. Usiku nne kwa wiki, saa saba kila usiku: ukihesabu kila usiku kuwa siku kamili, wiki 35 zinazimaliza zote. Mwaka una wiki 52. Kuna namna nyingine za kuhesabu zinazokupa nafuu wakati wa likizo, lakini hapo ulipo unacheza karibu na shimo, na kibali chako ndicho kitakachotumbukia. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mtu anayelala saa nane usiku hawezi kuelewa milinganyo saa mbili asubuhi. Kuanzia wiki hii mpaka Februari fanya Ijumaa na Jumamosi tu. Pengo la fedha litakuwepo, silifichi. Jumuiya za wanafunzi za Kilutheri na Kikatoliki huwa na mfuko mdogo wa dharura kwa wanafunzi wa kigeni, na wewe ni mtoto wa usharika, usione aibu kubisha hodi huko kwa jambo lisilo sala. Studierendenwerk, wale wale wa mabweni na kantini, wana washauri wa mambo ya fedha na wengine wa mambo ya moyo. Hao wa moyo nakuomba uwaone bila kusubiri. Mtu anayesimama chini ya mnara usiku wa manane akijiuliza mgonjwa alianzaje hahitaji kuwa mgonjwa ndipo aongee na mtu. Na siku ambazo huna zamu, pita njia nyingine.

Kingine kidogo cha mtihani wenyewe: ukiugua siku hiyo, usibaki kitandani kimya kimya. Cheti cha daktari kifike ofisi ya mitihani mapema kama kanuni zenu zinavyotaka, la sivyo kutokuonekana kwako huhesabiwa kufeli, na wewe huna nafasi nyingine ya kupoteza.

Binamu wa Stuttgart. Sitamsema vibaya, huenda naye ana baba na picha sebuleni. Lakini anachokushauri kina jina: kibali chako ni cha masomo, ukiacha masomo bila mpango mwingine kinakufa, na utaishi ukigeuka nyuma kila ukisikia hatua. Halafu "mwambie umemaliza". Mahafali yako mzee atataka picha. Mwaka unaofuata atauliza kazi ya ofisini. Utadanganya mpaka siku ya mazishi ya nani?

Ukitaka kuondoka, ondoka kwa mlango wa mbele. Ulianza Oktoba ya mwaka jana, na kwa kawaida kubadili kozi ndani ya miezi 18 ya mwanzo hakuleti taabu kubwa kwenye kibali. Hiyo inakufikisha mwisho wa Machi, lakini uende ofisi ya wageni ukaulize kabla ya mtihani. Ukienda baada ya kufeli utakuwa unaomba. Ukienda kabla, unauliza. Mshauri wa kozi yenu pia akuambie ni shahada gani ya jirani isiyodai somo hilo. Waulize chuoni kama kuna msamaha wowote wa ile 1,500 unaokuhusu, maana nafasi zipo chache na huzipati kwa kukaa. Na ujue kwamba majimbo mengi ya Ujerumani hayatozi ada hiyo kwenye vyuo vya umma. Euro 3,000 kwa mwaka ni fedha ya mtu mwenye mkopo wa SACCOS kuifikiria. Mafunzo ya ufundi nayo ni njia halali, na hayana aibu yoyote. Ila hiyo ni ya kuzungumza Machi. Sasa hivi unao mtihani ambao hujawahi kuufanya ukiwa umelala usingizi wa kutosha.

Kuhusu mabamba: karibu na kanisa kuu, Stiftskirche, utaona nyumba yenye bamba linalosema Goethe, yule mshairi mkuu wa Wajerumani, aliishi hapo. Aliipitia mwaka 1797. Angalia nyumba ya jirani yake, ya wanafunzi, wameweka la kwao: Goethe alitapika hapa. Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka watu wakageuka. Nenda ukalitazame mchana.

Ratiba yako basi: kesho asubuhi ofisi ya mitihani kuhusu Einsicht, wiki hii profesa, Jumapili jioni baba. Jumapili hiyo huna zamu, umeshaiacha. Na uangalie mlangoni kwako kama kibao cha ngazi kimening'inia, maana wiki za mitihani hawamsamehi mtu.